Kuharisha kwa Mbwa Baada ya Kubadilishiwa Chakula

Kuharisha kwa mabadiliko ya chakula ni mvurugiko wa muda wa mfumo wa mmeng'enyo, unaompata mbwa mwenye afya pale chakula alichokizoea kinapoondolewa ghafla na akapewa kingine. Hali hii si mzio. Mzio ni kazi ya kinga ya mwili: huonekana zaidi kwa ngozi na masikio kuwasha, na hurudi kila kiini chake kinapoliwa. Mvurugiko hutulia utumbo ukishazoea.

Kiini chake ni kasi ya mabadiliko, mara nyingi kuliko ubaya wa chakula. Mbwa humudu hata chakula cha wanga, ingawa mate yake karibu hayana kimeng'enya cha wanga. Kazi hiyo hufanywa na kongosho, na mbwa wa kufugwa ana nakala nyingi za AMY2B, jeni ya kimeng'enya hicho, kuliko mbwa mwitu wa kaskazini. Ndiyo maana mbwa aliyekuzwa kwa ugali na dagaa huumeng'enya ugali bila shida. Lakini akihamishiwa chakula cha dukani ndani ya siku moja, bakteria wa utumbo mpana hawajawa tayari. Mabaki yasiyomeng'enywa huchachuka humo, hutoa gesi na kuvuta maji. Mafuta mengi kwa mpigo, hasa ngozi ya kuku, ni jambo zito zaidi, kwani huweza kuamsha uvimbe wa kongosho.

Kwa kuangalia mahali kunakoanzia, kuharisha ni kwa aina mbili. Kwa utumbo mwembamba, kinyesi huwa kingi na cha majimaji, na safari za haja huongezeka kidogo tu. Kwa utumbo mpana, mbwa hujikamua mara kwa mara na kutoa kidogo kidogo, kinyesi kikiwa kimefunikwa na ute, pengine na matone ya damu nyekundu. Kinyesi cheusi kinachonata kama lami ni jambo jingine: hiyo ni damu ya sehemu ya juu ya mfumo wa mmeng'enyo, iliyokwisha kumeng'enywa.

Kinga ni kuchanganya vyakula kwa siku 7 hadi 10: robo ya kipya, kisha nusu, kisha robo tatu. Aliyekwisha kuharisha hupewa maji tele, na wali laini wenye kuku asiye na ngozi wala chumvi, kidogo kidogo. Dawa za maumivu za binadamu, parasetamoli na ibuprofeni, ni sumu kwake.

Watoto wa mbwa huwekwa kundi la peke yao. Mtoto huhama nyumba na kubadilishiwa chakula siku ileile, hivyo lawama huangukia bakuli hata pale mhusika anapokuwa minyoo au virusi vya parvo. Ambaye hajakamilisha chanjo, anatapika, amezubaa na anaharisha damu hahesabiwi katika hali hii. Hupelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mbwa yeyote ambaye ngozi ya shingo ikivutwa huchelewa kurudi, dalili ya kupungukiwa maji.