Nani kasema Morris haina spea?

"Spea zake ziliondoka na Mzungu." Maneno haya yamepeleka magari mangapi ya Old Town kwa wanunuzi wa chuma chakavu? Mi siyakubali.

1952 Austin na Morris ziliungana, ikazaliwa British Motor Corporation. Mwaka huohuo Morris Minor ikaanza kutiwa injini ya A-series, ile ya Austin A30. 1959 Mini nayo ikaipata. Yaani injini za ukoo mmoja, ndo maana fundi mjanja akitafuta spea ya Minor huulizia ya Austin pia. Ila si kila kitu chaingiana: Minor ilianza na A-series ya cc 803, ikaja 948 mwaka 1956, halafu 1098 mwaka 1962. Soma namba ya injini kwanza, jina la kwenye boneti baadaye.

Na spana jamani! Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Ukiitia spana ya 13 itacheza, ikule pembe. Mafundi wazee wa kisiwani hujua hilo kwa kushika tu. Wengi hawakuliandika, nasi twawazika nalo. Mzee wa mtaani kwetu nishaanza kumrekodi kwa simu, tumefika kabureta.