Timu Moja Haifanyi Ligi

Mtera ni mahali pa mabishano. Upande mmoja wa bwawa ni Dodoma, ukivuka tu uko Iringa, na wauza samaki wa pande zote mbili hukutana palepale barabarani mabasi yanaposimama. Mwezi uliopita niliwakuta vijana wakibishana ni mkoa upi wenye wasichana hodari zaidi wa mpira wa kikapu. Mmoja aliapa kwamba wasichana wa kwao hawajafungwa hata mara moja. Mwenzake akamuuliza, "Wamecheza na nani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya wiki hii nizungumzie vyuo vya Marekani, maana huko wamelibishania kwa zaidi ya miaka 40, tena kwa karatasi na kalamu. Vyuo vyao hujigawa katika mashirikisho yanayoitwa konferensi, na sehemu kubwa ya msimu vyuo vya konferensi moja hucheza vyenyewe kwa vyenyewe. Mwisho wa msimu timu 68 za wanawake huitwa kwenye mashindano ya taifa. Bingwa wa kila konferensi huingia moja kwa moja; nafasi zinazobaki hugawiwa na kamati. Hapo ndipo penye utata. Msichana ambaye konferensi yake inahesabiwa dhaifu, timu yake ikiteleza mchezo mmoja tu wa fainali ya konferensi, huenda akabaki nyumbani, wakati timu iliyofungwa mara kumi katika konferensi yenye jina inapanda ndege.

Sasa, udhaifu huo unapimwaje? Timu za konferensi moja zikichezana, kila anayeshinda ana mwenzake aliyeshindwa. Jumla ya ushindi ni sawasawa na jumla ya vipigo, iwe konferensi ya mabingwa au ya wanaojifunza kudunda mpira. Kwa hiyo michezo ya ndani haisemi lolote juu ya nguvu ya konferensi nzima. Kinachosema ni ile michezo michache ya Novemba na Desemba wanapotoka nje kupambana na wageni. Kwa miaka mingi kamati ilitumia kipimo kilichoitwa RPI: robo ni ushindi wako mwenyewe, nusu ni ushindi wa wapinzani wako, na robo ya mwisho ni ushindi wa wapinzani wa wapinzani wako. Yaani robo tatu ya sifa yako imo mikononi mwa watu wengine! Kipimo hicho kimekwisha kuachwa, lakini fikra yake ingali hai.

Hapo mwanzo mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1972, mwaka uleule ilipopitishwa sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, ubingwa wa kwanza wa wanawake ulichukuliwa na Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki huko Pennsylvania, kikautetea mwaka 1973 na 1974. Chama kikubwa cha NCAA, ambacho kabla ya hapo kilishughulikia wanaume, kilipoanzisha mashindano yake ya wanawake mwaka 1982, fainali ilizikutanisha Louisiana Tech na Cheyney State, chuo cha Wamarekani weusi kilichofundishwa na mwanamama C. Vivian Stringer. Cheyney walifungwa 76 kwa 62. Leo chuo cha aina ile kufika fainali ni ndoto. Fedha zimeingia, na zimefuata majina makubwa.

Sisi Watanzania tuna sababu ya kuijua konferensi mojawapo, Big East. Hasheem Thabeet wetu alichezea chuo cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, kabla ya kuchaguliwa wa pili na Memphis katika NBA. Mwaka huohuo wa 2009 dada zake wa chuo kilekile walimaliza msimu kwa michezo 39 bila kufungwa, na katika fainali waliwapiga Louisville 76 kwa 54. Louisville nao walikuwa wa Big East. Hiyo kweli ilikuwa konferensi: hata aliyeshindwa alikuwa wa pili kitaifa.

Mwaka 2013 Connecticut wakajikuta katika konferensi mpya iitwayo American. Kwa miaka saba walicheza na wenzao humo michezo 139, wakashinda yote 139. Katika miaka hiyo walitwaa ubingwa wa taifa mara tatu. Je, konferensi hiyo ilikuwa imara kwa kuwa bingwa wa taifa alitoka humo? La hasha. Ukiona mbuyu mmoja katikati ya vichaka huwezi kusema umeona msitu. Mimi nikitaka kuijua ligi naiangalia timu ya tano na ya sita, si ya kwanza.

Wala dhaifu si wa kudharauliwa. Mwaka 1998 Harvard, chuo kinachojulikana zaidi kwa vitabu, waliwekwa nafasi ya mwisho, ya 16, katika kundi lao. Walikwenda nyumbani kwa Stanford walioshika nafasi ya kwanza, wakawafunga 71 kwa 67. Ni kweli Stanford walikuwa na majeruhi wawili wa maana. Lakini Allison Feaster aliyefunga pointi 35 siku ile hakuwa amejifunza mpira usiku wa kuamkia mchezo. Alikuwa hodari vilevile msimu mzima.

Mwaka 2025 Big Ten iliingiza timu 12 katika zile 68. Ubingwa ukaenda kwa Connecticut, waliokuwa wamekwisha kurudi Big East.

Na sasa hata ramani imevurugika. Pac-12 ya magharibi, ambayo mwaka 2021 ilitoa timu zote mbili za fainali, Stanford wakiwashinda Arizona 54 kwa 53, ilihamwa na vyuo kumi mwaka 2024, kila kimoja kikifuata fedha za televisheni. Stanford, walio karibu na bahari ya Pasifiki, siku hizi wanacheza katika konferensi yenye jina la Pwani ya Atlantiki, na wasichana wao huvuka nchi nzima kwa ndege kwenda kutafuta pointi za ligi, vitabu vya darasani mapajani.