Ramu Iliyosubiri Pipani

Agosti 1962, miezi minane baada ya Tanganyika kujitawala, Jamaica nayo ilipandisha bendera yake. Mwaka huohuo, katika shamba la miwa la Appleton, ramu ilitiwa mapipani na kuachwa. Nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, kilichosalia kilijaza chupa kama 800 tu, na kila moja iliuzwa kwa dola elfu kadhaa za Marekani.

Wapishi wa kwanza wa kileo hiki wangecheka. Kwao kusubiri ilikuwa hasara. Mwingereza Richard Ligon, aliyeishi Barbados kuanzia 1647 hadi 1650, alikuta wakazi wakinywa pombe ya miwa waliyoiita muua-shetani. Katika kitabu chake cha mwaka 1657 alieleza kwamba ilikuwa kali, haikupendeza sana mdomoni, na wengi waliinywa hadi wakalala chini. Ilitoka mtamboni leo, ikanyweka kesho.

Malighafi yake ilikuwa taka. Juisi ya miwa ikichemshwa na sukari kuganda, hubaki molasi, ule uji mweusi mzito ambao wakazi wa jirani na Mumias au Kilombero wanaujua kwa harufu. Ikichanganywa na maji huchacha yenyewe katika joto la visiwa vile. Kinachofuata anakijua yeyote aliyewahi kuona mtambo wa gongo: chemsha, poza mvuke, kinga matone. Hati ya mwaka 1703 ya shamba la Mount Gay, Barbados, tayari inaorodhesha nyumba ya mtambo kati ya mali za shamba.

Mali nyingine za mashamba hayo zilikuwa watu. Waafrika waliotumikishwa kwa nguvu ndio waliokata miwa, wakailisha mashine usiku na mchana wakati wa mavuno. Shoka liliwekwa karibu na magurudumu ya kukamulia, kwa sababu mkono ulionaswa haukuwa na dawa nyingine ila kukatwa. Sehemu ya molasi ilipelekwa makoloni ya kaskazini mwa Marekani, ikapikwa ramu, na ramu hiyo ikavushwa hadi Afrika Magharibi kununulia watu wengine. Utumwa ulifutwa katika makoloni ya Uingereza mwaka 1834, ingawa wengi walishikiliwa kama wanagenzi hadi 1838. Makala nyingi za sifa za ramu huruka sura hii ili zifike haraka kwenye harufu ya vanila.

Umri basi uliingiaje? Kwa njia ya usafiri. Pipa la mwaloni lilikuwa chombo cha kubebea tu, kama debe. Lakini safari za baharini na miezi ya kukaa katika maghala ya London zilibadilisha kilichomo: ukali ukapungua, rangi ikageuka, ladha ya mti ikaingia. Wafanyabiashara waligundua kwamba ramu iliyochelewa inauzika ghali zaidi.

Kuzeeka Karibea si sawa na kuzeeka Ulaya. Katika baridi ya Scotland pipa hupoteza kama asilimia 2 kwa mwaka kwa kufuka. Wenyewe hukiita kilichofuka fungu la malaika. Karibea malaika wana kiu zaidi, na asilimia 6 ni ya kawaida. Piga hesabu: pipa la lita 200 baada ya miaka 12 limeshuka chini ya nusu, na baada ya 50 zimebaki lita kama 9. Ndiyo maana zile chupa zilikuwa chache. Mapipa yenyewe kwa kawaida yametumika kwanza kwa bourbon, wiski ya Marekani, kwa kuwa sheria ya Marekani inataka bourbon ikae katika mwaloni mpya, na pipa likitumika mara moja kwa kazi hiyo linauzwa.

Na umri hauharakishwi. Mwaka 1944 huko Oakland, California, mwenye mgahawa Victor Bergeron alichanganya kinywaji alichokiita Mai Tai kwa ramu ya Jamaica ya miaka 17, ya kampuni ya Wray & Nephew. Kikapendwa mno hata akiba ya ramu ile ikaisha. Huwezi kuagiza nyingine: ya miaka 17 inataka miaka 17.

Kwenye meza, anza na namba ya lebo. Kwa ramu ya Jamaica, 12 maana yake ramu changa kuliko zote katika mchanganyiko ina miaka 12. Kuna chapa za kwingineko ambazo namba yao ni ya tone kongwe kabisa, na tone hilo huenda likawa kidogo sana. Rangi nayo isikudanganye, kwani karameli hutia weusi kwa dakika moja. Utamu ulionata ulimini mara nyingi ni sukari iliyoongezwa, jambo ambalo Jamaica hairuhusu.

Mimina kidogo katika glasi iliyobana mdomoni, uiache itulie. Usizamishe pua, pombe itakuchoma na hutanusa kitu. Ramu ya Jamaica iliyopikwa katika vyungu vya shaba hunukia ndizi zilizopitiliza kuiva, kwa sababu ya esta, kemikali za harufu zinazozaliwa katika uchachaji mrefu. Ya Barbados huwa pole zaidi. Onja tone, lizungushe, kisha ongeza maji matone machache na uonje tena: harufu zilizofichwa na ukali hujitokeza. Joy Spence, mkemia ambaye mwaka 1997 akawa mchanganyaji mkuu wa Appleton na mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo katika kampuni kubwa ya vinywaji vikali, amejenga kazi yake yote juu ya pua yake.

Kwa maoni yangu, miaka 12 hadi 15 ya joto la Karibea inatosha. Ikizidi hapo, mwaloni huanza kuizidi miwa, na mnunuzi analipia zaidi kile kilichofuka kuliko kilichobaki.