Jinsi ya kutambua kosa katika uthibitisho wa mstatili

KATIKA mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, chumba cha kupangisha aghalabu huwa cha futi 10 kwa 10, na nyumba zimesongamana kiasi kwamba ukuta uliokwenda upande waweza kuzua ugomvi na jirani. Fundi stadi hukagua msingi kwa kupima ulalo, yaani mstari kutoka pembe moja hadi ile inayoikabili. Katika chumba hicho, kila ulalo huwa takriban futi 14.14.

Wanafunzi wa jiometri hutumia kipimo hicho hicho, na hapo ndipo kosa hujipenyeza. Husema: “Mstatili huwa na ulalo sawa. Umbo hili lina ulalo sawa. Kwa hivyo ni mstatili.” Kauli mbili za kwanza zaweza kuwa kweli, lakini hitimisho halifuati, kwani kanuni imegeuzwa kinyume.

Chukua chumba chenye ukuta wa mbele wa futi 12 na wa nyuma wa futi 8, kuta hizo zikiwa sambamba, zimetengana kwa futi 10, na vitovu vyake vikielekeana. Kila ulalo ni futi 14.14, na eneo ni futi 100 za mraba, sawasawa na chumba cha 10 kwa 10. Hata hivyo, hamna pembe mraba hata moja.

Kosa la pili ni kutegemea mchoro. Mwanafunzi huandika mapema kuwa pembe ni nyuzi 90 kwa kuwa yaonekana hivyo, ilhali hilo ndilo analotakiwa kuthibitisha.

Uthibitisho sahihi huanza na umbo ABCD ambalo pande zinazokabiliana ni sawa, na ulalo AC ni sawa na BD. Linganisha pembetatu ABC na BAD: AB ni upande wa pamoja, BC ni sawa na AD, na AC ni sawa na BD. Pembetatu hizo zalingana kabisa, hivyo pembe B ni sawa na pembe A. Kwa kuwa BC na AD ni sambamba, jumla ya pembe hizo ni nyuzi 180. Kila moja basi ni nyuzi 90. Pembe C na D, zinazozikabili, ni vivyo hivyo.

Kwa hivyo, fundi na mwanafunzi wapime kwanza pande zinazokabiliana, kisha ulalo. Naye anayesahihisha aulize katika kila hatua: je, hili limetolewa, limethibitishwa, au limedhaniwa tu?