Neno kwa Neno: Katibu si hatibu

Wiki iliyopita nilihudhuria harusi, na mshereheshaji akamkaribisha shehe akimwita "katibu wa msikiti wetu" aje atoe hotuba. Wazee wakatazamana. Alimaanisha hatibu, yaani mtoa hotuba. Ukoo huo wa hatibu na hotuba ni wa kunena (Waarabu hutumia mzizi huohuo hata kwa kuposa, kwa hiyo pale harusini hatibu hakupotea sana!).

Katibu yeye ni wa ukoo wa kuandika: herufi k, t, b. Humo mna kitabu, maktaba, mkataba na katiba. Kitabu tumekimeza kabisa, tukadhani "ki" yake ni ya kiti na kisu, tukapata vitabu. Mwarabu husema kutub. Mkataba una historia nzito. Katika sheria za Kiislamu, mukataba ulikuwa maandikiano ya mtumwa na bwana wake ili ajikomboe kwa malipo ya mafungu. Leo tunautia saini kwa chumba cha kupanga. Lakini makubaliano ya mdomo tu, tafadhali, yaiteni mapatano.

Katiba ndiyo kioja. Ukilitamka neno hilo Cairo, huenda wakadhani unazungumzia kikosi cha askari, maana katiba yao huitwa dustur. Dustur hiyohiyo, yenye asili ya Kiajemi, kwetu ni desturi. Na maktaba ni pa kusoma na kuazima. Panapouzwa vitabu ni duka la vitabu, hata kama kibao cha mlangoni kinasema vingine.