Msikiti Mkuu wa Kilwa: tunaurejesha au tunaukisia?

Siku hizi kompyuta inaweza kuyasimamisha magofu, nasi tukaambiwa tunaona mambo yalivyokuwa ‘zamani’. Zamani ipi? Chukua Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania. Ule wa kwanza, wa karne ya 11 au 12, ulikuwa mdogo, wenye paa bapa. Mwanzoni mwa karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukapanuliwa kuelekea kusini, ukawekewa kuba. Sehemu hiyo iliporomoka, ikajengwa upya katika karne ya 15. Gofu ni moja, zamani ni tatu.

Wataalamu wa mradi uitwao Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walilipima gofu hilo kwa miale ya leza, wakaunda modeli ya kompyuta. Kilichopimwa kipo. Lakini ukitaka kuuona msikiti kama alivyoukuta Ibn Battuta mwaka 1331, paa lililoanguka halipimiki. Lazima mtu akisie.

Hapo ndipo kitenzi ‘kurejesha’ kinapotupotosha. Kurejesha ni kurudisha kilichokuwapo. Picha ya namna hii inakisia, tena kwa ushahidi, na hilo si aibu kulisema. Basi sehemu zilizokisiwa zipewe rangi yake, na karne iandikwe wazi. Mwanafunzi wa hapa Eldoret ambaye hajafika Kilwa ataiamini picha ya kwenye simu. Ana haki ya kujua ni ukuta upi umepimwa na upi umebuniwa.