Nyigu aliyeuokoa muhogo wa Afrika

Mwaka 2021 nyigu wadogo kutoka Ghana waliachiliwa katika mashamba ya Pwani ya Kenya ili wawakabili vidung'ata wa mpapai, wale wadudu weupe kama waliopakwa unga ambao tangu 2016 wamewatia hasara wakulima wa mapapai. Wapo wanaouliza kwa nini tulete mdudu kutoka ng'ambo ilhali dawa ya kupulizia inauzwa katika kila duka la pembejeo, na nyigu huyo akishamaliza kazi yake atageukia nini. Ni maswali ya haki kabisa. Majibu yake yamo katika historia ya bara hili lenyewe, na inauma kuona tulivyoisahau upesi.

Mwaka 1973, pembezoni mwa Kinshasa na Brazzaville, mihogo ilianza kudumaa. Ncha zilijikunja zikawa kama ngumi, pingili zikafupika, majani yakapukutika hadi shina likabaki tupu. Inaaminika kidung'ata aliyefanya hayo aliingia na mapando yaliyotolewa Amerika ya Kusini, kwao muhogo. Huku Afrika hakumkuta adui hata mmoja. Mavuno yalipotea hadi asilimia 80 mahali pengine, na kabla mizizi haijakosekana, mboga ilikuwa imekwisha: kisamvu, au sombe kwa ndugu zetu wa mashariki ya Kongo. Mkulima aliyekwenda kuomba mapando kwa jirani alirudi na mdudu. Wakati huo Waafrika wapatao milioni 200 walikuwa wakiutegemea muhogo.

Mdudu mwenyewe hakuwa na jina. Alielezwa kisayansi mwaka 1977 na kuitwa Phenacoccus manihoti. Miaka miwili baadaye kijana wa Kiswisi, Hans Herren, aliajiriwa na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, iliyoko Ibadan, Nigeria. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema: mdudu huyu huko kwao hasumbui, basi kuna kinachomzuia. Tukakitafute.

Kukitafuta ndiko kulikokuwa na kazi. Peter Neuenschwander, Mswisi mwingine aliyefanya kazi hiyo bega kwa bega na Herren, ameuandika mkasa huu kwa kirefu, na ndiye ninayemfuata hapa. Msako ulianzia Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Huko alipatikana kidung'ata kwenye muhogo, anafanana na wa Afrika kama pacha, tena ana nyigu wake. Ilikuwa rahisi kudhani safari imekwisha. Lakini nyigu hao walipopewa vidung'ata wa Afrika hawakuzaliana. Ndipo ikabidi watazamwe upya. Yule wa Afrika ni wa rangi ya waridi na wote ni majike, wanazaa bila dume. Yule wa kaskazini ni wa manjano na ana madume. Walikuwa spishi mbili. Mwaka 1981 wataalamu Cox na Williams wakampa yule wa manjano jina la Phenacoccus herreni, kwa heshima ya mtu aliyekuwa akimtafuta mwingine.

Kosa hili halikuwa geni. Kenya ililipitia kwenye kahawa. Katika miaka ya 1920 vidung'ata walivamia kahawa ya nyanda za juu, na kwa miaka mingi wataalamu wa serikali ya kikoloni waliwadhania ni spishi iliyojulikana tayari. Wakaagiza maadui wake kutoka mbali, hata Asia, bila mafanikio. Kumbe mdudu alikuwa mwingine, na alikuwepo Uganda jirani, akiishi bila kuleta maafa kwa sababu nyigu walimdhibiti. Nyigu wa Uganda waliletwa kuanzia 1938 na kahawa ikapona. Anayedhani kutambua wadudu kwa darubini ni anasa ya makumbusho na akisome kisa hiki.

Kwa muhogo, jibu lilipatikana kusini. Mwaka 1981 Anthony Bellotti, wa kituo cha utafiti cha CIAT cha Kolombia, alimkuta kidung'ata halisi nchini Paraguay. Nyigu waliokusanywa huko walipelekwa kwanza karantini Uingereza, kisha Ibadan. Mmoja wao, ambaye leo anaitwa Anagyrus lopezi, ana urefu usiofika milimita mbili. Jike humgusagusa kidung'ata kwa papasi zake, akiridhika humchoma na kuacha yai ndani ya mwili. Kiluwiluwi hula kutoka ndani, kidung'ata huvimba, hukauka na kuwa kama gamba la kahawia, na kwa muda wa wiki mbili hivi nyigu mpya hutoboa tundu la mviringo na kutoka.

Kuwafuga ni kazi ya subira. Unalea viumbe watatu kwa pamoja: muhogo, kidung'ata na nyigu. Vidung'ata wakizidi, utomvu mtamu wanaoutoa huota ukungu mweusi, muhogo ukadondosha majani, na hapo nyigu hana pa kutagia. Nyigu akitangulia kuzidi, anammaliza anayemlisha. Ibadan walipanda mihogo ndani ya vibanda, wakiilisha kwa maji yenye virutubisho badala ya udongo.

Nyigu wa kwanza waliachiliwa Novemba 1981. Katika muda usiofika miaka mitatu walikuwa wameenea katika eneo la kilomita za mraba 200,000 kusini magharibi mwa Nigeria. IITA ilitumia hata ndege kuwamwaga mashambani. Mwishoni mwa miaka ya themanini walikuwa wamejikita katika zaidi ya nchi 20, Tanzania ikiwamo, ambako Kibaha ndiyo ikawa ngome ya kazi hii. Hawakugeukia mimea: lopezi hawezi kuishi bila kidung'ata, na kidung'ata akipungua naye hupungua. Palipobaki shida ni kwenye mashamba ya mchanga mtupu yasiyo na matandazo, ambako mihogo yenyewe ni dhaifu. Mchumi Richard Norgaard alikadiria mwaka 1988 kwamba kila dola moja iliyotumika ilirudisha 149. Mkulima hakulipa hata senti.

Herren alipewa Tuzo ya Dunia ya Chakula mwaka 1995, akiwa tayari mkurugenzi wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu ya Nairobi. Baada ya hapo umaarufu ulififia. Kazi inayofanikiwa namna hii haiachi chupa ya kununua tena msimu ujao, na nadhani ndiyo maana hakuna anayeitangaza. Viwavijeshi vamizi walipoingia katika mahindi yetu, mbio za kwanza zilikuwa za kununua dawa. Ninaona ni aibu.

Mwaka 2008 kidung'ata wa muhogo alizuka Thailand. Wathai hawakuanza kutafuta upya. Mwaka 2009 walichukua nyigu 500 kutoka kituo cha IITA kilichoko Benin, wakawazalisha kwa wingi, na Julai 2010 wakawamwaga kwa ndege juu ya mashamba ya Khon Kaen. Wadudu hao walikuwa uzao wa wale wa Paraguay, na ujuzi wa kuwafuga Wathai waliufuata Afrika.